Kituo Kisicho na Lango

Sisi tuliokulia katika daladala za Dar es Salaam tumezoea kudaiwa nauli. Kondakta huchezesha sarafu kiganjani, hukugusa begani, na hata ukijifanya umesinzia atapita kwa wengine kisha atarudi kwako. Nauli kwetu ina mtu na ina sauti. Majira ya kiangazi ya mwaka 2024 Mwenyezi Mungu alinijaalia kufika London kumzuru mjomba wangu, ndugu wa mama yangu, aliyeondoka Tanga akiwa kijana na ambaye sasa ni mzee mwenye wajukuu. Huko nilikuta nauli isiyo na mtu wala sauti, na ndani yake nikakuta mtihani ambao sikuwa nimejiandaa nao. Kwa kuwa wengi katika wasomaji wa gazeti hili wana jamaa ughaibuni na huenda siku moja wakaalikwa, nimeona ni vyema nisimulie niliyojifunza juu ya usafiri wa mji ule, na juu ya nafsi yangu.

Nianze na usafiri wenyewe. London ndio mji wa kwanza duniani kuwa na treni ya chini ya ardhi. Ilianza tarehe 10 Januari, 1863, baina ya Paddington na Farringdon, wakati mabehewa yakivutwa kwa injini za mvuke. Leo mtandao huo umeungana na mabasi mekundu ya ghorofa, treni za juu ya ardhi, na reli nyepesi ya upande wa mashariki iitwayo Docklands Light Railway, ambayo wenyeji huifupisha kwa herufi DLR. Reli hii ilifunguliwa mwaka 1987, na ajabu yake ni kwamba treni zake hujiendesha zenyewe. Hakuna chumba cha dereva mbele, bali viti vya abiria na kioo kipana. Wajukuu wa mjomba wangu hugombania viti hivyo, kila mmoja akajifanya ndiye anayeongoza treni.

Katika vyombo vyote hivyo mgeni anaweza kutumia kadi moja. Iliyo mashuhuri huitwa Oyster, yaani chaza, na ilianza kutumika mwaka 2003. Unaijaza fedha kwenye mashine kituoni, kama tunavyoongeza salio la simu, kisha unaigusisha kwenye kisomeo cha kadi. Kadi ya benki isiyohitaji kuchomekwa nayo hukubaliwa, lakini mgeni aulize kwanza benki yake inakata kiasi gani kwa malipo ya nje ya nchi. Asitegemee noti mfukoni, kwa sababu mabasi ya London yaliacha kupokea fedha taslimu tangu Julai 2014. Dereva hatakukaripia, atakuambia kwa upole kwamba hapokei, nawe utashuka.

Kanuni kubwa ni hii: katika basi unagusa kadi mara moja tu, wakati wa kupanda, katika treni unagusa mara mbili, unapoingia na unapotoka. Basi lina nauli moja kwa umbali wowote, na nilipokuwa huko ilikuwa pauni 1.75. Ukibadili basi ndani ya saa moja tangu mguso wa kwanza, hukatwi tena. Vilevile kuna kikomo cha siku: ukipanda mabasi peke yake hukatwi zaidi ya kiasi fulani, ambacho nilipokuwa huko kilikuwa pauni 5.25, yaani nauli ya safari tatu, hata ukizunguka tangu asubuhi mpaka usiku. Treni ni ghali zaidi, nayo hukokotolewa kwa kanda ulizopita na saa uliyosafiri, lakini ina kikomo chake pia. Kwa hiyo mgeni asiye na haraka apande basi, akae ghorofa ya juu, autazame mji kwa bei ya chini.

Kwa wenye familia, yapo mambo ya kuzingatia. Kila mtu anayestahili kulipa awe na kadi yake. Mume na mke hawawezi kupita kwa kadi moja. Watoto walio chini ya miaka 11 hawalipi katika mabasi, na katika treni za chini ya ardhi na DLR mtu mzima mmoja anaweza kufuatana na wanne wao bila malipo. Mtoto mgeni wa miaka 11 hadi 15 anaweza kupata punguzo la nusu nauli kwa muda usiozidi siku 14, lakini ni lazima mfanyakazi wa kituo aliweke punguzo hilo kwenye kadi ya Oyster, kwa hiyo waulizeni mnapofika. Halafu kuna jambo dogo ambalo wageni wengi hawalijui: ukiweka kadi mbili katika pochi moja na kuigusisha pochi nzima, kadi hugongana, na huenda ukakatwa katika ile usiyoikusudia. Toa moja tu, uishike mkononi. Nasihi hii tutairudia.

Kuhusu swala, aliyeniambia nitapunguza na kukusanya muda wote kwa kuwa mimi msafiri hakuniambia yote. Katika madhehebu yetu ya Imamu Shafii, anayenuia kukaa mahali siku nne kamili, mbali na ya kufika na ya kuondoka, hukumu ya safari humwondokea. Nilikaa wiki mbili, kwa hiyo niliswali kama mkazi na kuipanga mizunguko yangu kwa nyakati za swala. Wakati wa kiangazi Magharibi huingia baada ya saa tatu usiku, na Isha huchelewa mno. Treni nyingi za chini ya ardhi hufunga usiku, isipokuwa njia chache zinazokesha Ijumaa na Jumamosi, lakini mabasi ya usiku yapo. Msikiti Mkuu wa Regent's Park, wenye kuba la rangi ya dhahabu, unafikika kwa miguu kutoka kituo cha Baker Street, ambacho ni miongoni mwa vituo vya mwanzo vya mwaka 1863. Anayetaka kuuona msikiti wa Shah Jahan wa Woking, uliojengwa mwaka 1889 na ambao ndio msikiti wa kwanza Uingereza kujengwa kwa nia ya kuwa msikiti, ajue kwamba Oyster haifiki huko. Akate tiketi ya treni mapema kutoka Waterloo. Si mbali na hapo, katika makaburi ya Brookwood, wamelala Abdullah Yusuf Ali na Marmaduke Pickthall, wafasiri wawili wa Qur'ani kwa Kiingereza. Mwenyezi Mungu awarehemu.

Sasa nirudi kwenye mtihani niliouahidi.

Vituo vikubwa vya London vina malango. Usipogusa kadi, lango halifunguki. Lakini vituo vingi vya DLR havina lango lolote. Unatoka barabarani, unapanda ngazi, uko kando ya reli. Kisomeo cha kadi kimesimama juu ya nguzo fupi kama mtu mnyonge asiye na uwezo wa kumzuia yeyote. Ukimpita, hasemi neno. Nyumba ya mjomba ipo karibu na kituo cha namna hiyo.

Siku yangu ya kwanza nilirudi nimechoka, nikashuka, nikashangaa kwamba hakuna lango, nikaondoka zangu bila kugusa. Kesho yake nikaona nimekatwa fedha nyingi, kwani safari isiyofungwa hukatwa nauli ya juu kabisa. Mfanyakazi wa kituo kikubwa nilichofikia alinisikiliza, akanielekeza namna ya kuomba kurejeshewa, na baada ya siku chache nilirejeshewa. Kosa lilikuwa langu, na nilidhani somo langu la kituo kisicho na lango limekwisha. Kumbe lilikuwa halijaanza.

Jioni hiyo, baada ya chakula, nilimsimulia mjomba mkasa wangu. Alicheka sana. Kisha akainuka, akaenda chumbani, akarudi na kadi yake. Wazee wakazi wa London hupewa na halmashauri za mji kadi ya kusafiri bure, iitwayo Freedom Pass. Siku za kazi huanza kutumika saa tatu asubuhi, na ina jina na picha ya mwenyewe.

“Chukua hii, mjomba,” aliniambia, kwa ile desturi yetu ya mjomba na mpwa kuitana jina moja. “Mimi wiki hii magoti yananiuma, sitoki. Kwa nini upoteze fedha zako?”

“Lakini ina picha yako, mjomba.”

“Hawa sura zetu hawazitofautishi. Na pale kituoni petu nani atakuuliza?”

Nilikaa kimya. Naye, kwa kuwa ni mtu mwenye akili, alielewa kimya changu, akasema maneno ambayo siwezi kuyapuuza mpaka leo. Alisema yeye amefanya kazi katika nchi ile zaidi ya miaka thelathini na amelipa kodi yake yote. Alisema haki ile ni yake, na mtu ana uhuru wa kumpa mgeni wake kilicho chake. Kisha akashusha sauti, akasema: “Na hawa, walipokuja kwetu Tanganyika, walitukatia tiketi? Waulize mkonge wa Tanga uliwajenga wangapi.”

Nitakuwa mwongo nikisema nilimjibu. Mimi ni mtoto wa dada yake, nimekula chakula chake, nimelala kitanda chake. Nilisema “Ahsante, mjomba,” nikaipokea kwa mikono miwili, nikaitia mfukoni.

Asubuhi yake nilikwenda kituoni na kadi mbili. Nilikuwa nimeshapiga hesabu. Pauni 5.25 kwa siku wakati huo zilikuwa zaidi ya shilingi 17,000 za Tanzania, na hiyo ni kwa mabasi peke yake, treni inazidi. Kwa siku zilizobaki ningeokoa fedha za kuwanunulia wanangu viatu vya shule na bado nikabakiwa na akiba. Hapakuwa na mtu kituoni isipokuwa mama mmoja na kigari cha mtoto. Nikasimama mbele ya ile nguzo. Nikakumbuka nasihi ya kadi mbili kugongana, kwamba sharti utoe moja. Basi mkono ulikuwa mfukoni, na ulipaswa kuchagua.

Yaliyonijia wakati ule sikuyatoa katika ujasiri. Yalitoka katika vitabu nilivyosomeshwa chuoni na kuvifaulu kwa mitihani ya kalamu, na sasa vilikuwa vinanidai. Aya ya kwanza ya Suratul Maida inawaamrisha walioamini watimize mikataba. Mimi nilikuwa na mikataba miwili na watu wale. Wa kwanza ni viza. Imamu Shafii ameeleza katika kitabu chake Al-Umm kwamba Mwislamu akiingia katika nchi ya wasiokuwa Waislamu kwa amani waliyompa, hata kama ni nchi iliyo vitani na Waislamu, si halali kwake kuchukua chochote katika mali zao, kiwe kidogo au kikubwa. Kwani wakimpa amani, nao wana amani kutoka kwake. Ikiwa hiyo ndiyo hukumu ya nchi ya vita, vipi nchi iliyonikaribisha kwa muhuri katika pasi yangu? Mkataba wa pili ni wa kadi yenyewe, kwani nilipoinunua nilikubali masharti yake.

Na haki ya mjomba? Hapa kazi yangu ya ukatibu wa msikiti ilinisaidia. Tunao mfano katika wakfu. Mzee aliyepewa na mwenye wakfu haki ya kukaa nyumbani humo ana manfaa ya kukaa, lakini hana haki ya kumpangisha mwingine ikiwa sharti la wakfu halikuruhusu. Kadi ya mjomba ni ya namna hiyo. Wamempa yeye, kwa umri wake na magoti yake. Hakupewa aigawe.

Lililobaki lilikuwa zito kuliko yote: mkonge wa Tanga. Sitaki msomaji adhani kwamba nililidharau neno la mjomba. Dhulma ya ukoloni ni dhulma, na anayeidai haki yake ana haki ya kuidai. Lakini nilikumbuka usiku wa Hijra. Makureshi walikuwa wamewatesa Waislamu, wamewafukuza katika nyumba zao, na usiku ule walikuwa wamezingira mlango wakitaka kuua. Na ndani ya nyumba ileile zilikuwamo amana zao, kwa sababu pamoja na uadui wao wote hawakuona mwaminifu kumshinda Mtume (S.A.W.). Angekuwapo mtu mwenye sababu ya kusema kwamba mali ya adui ni fidia, ni yeye. Badala yake alimwacha Sayyidna Ali (R.A.) nyuma, katika hatari, ili kila mwenye amana arudishiwe yake. Dai la dhulma lina njia yake na lina siku yake. Amana haiingizwi katika hesabu hiyo.

Nikatoa kadi yangu, nikagusa. Kisomeo kililia mlio wake mfupi. Mama mwenye kigari hakugeuka. Katika wiki mbili zote, nikuambie ndugu msomaji, sikukutana na mkaguzi wa tiketi hata mmoja. Wapo, na anayekamatwa hutozwa faini, ambayo wakati huo ilikuwa pauni 100, nusu yake akilipa ndani ya siku 21. Lakini mimi sikuwaona. Ningeitumia kadi ya mjomba, ningerudi nyumbani salama, na hakuna kiumbe ambaye angejua isipokuwa sisi wawili.

Lililokuwa gumu zaidi ya kugusa ni kurudisha. Usiku ule nilimwambia, “Mjomba, niwie radhi. Kadi yako sikuitumia.” Nikamweleza kwa ufupi, bila kumsomea kitabu. Alinitazama kwa muda mrefu. “Sawa, mjomba,” akasema, akaiweka kadi juu ya meza, akafungua televisheni. Kwa siku mbili alizungumza nami maneno ya lazima tu. Nilijua ninachofikiriwa: kwamba kijana wa kanzu ametoka Dar es Salaam kuja kumfundisha mzee dini ndani ya nyumba yake. Nikajiuliza kama heshima ya mzazi haikuwa na uzito kuliko pauni tano. Nikajijibu kwamba heshima ni kumtii katika lililo jema na kumkatalia kwa upole katika lisilokuwa hilo. Lakini kujibu ni rahisi, na siku mbili za ukimya wa mjomba ni ndefu.

Ijumaa magoti yake yalikuwa yamepata nafuu. Akasema atanipeleka mwenyewe Msikiti wa London Mashariki, katika barabara ya Whitechapel, ambao taasisi yake ilianza mwaka 1910 na jengo lake la sasa lilifunguliwa mwaka 1985. Tulifuatana na mjukuu wake mmoja wa miaka 12. Umri huo, kwa wakazi wenye kadi maalumu, basi ni bure lakini treni hulipiwa nauli ya mtoto. Mjomba aligusa kadi yake, mimi nikagusa yangu. Kijana akaangalia kushoto, akaangalia kulia, akaipita nguzo.

“Rudi,” mjomba akamwambia.

“Babu, hakuna lango. Hata wenzangu hawagusi.”

Mjomba hakunitazama. Alisimama akiwa ameegemea bakora yake, treni ikaja, ikafungua milango, ikafunga, ikaondoka, naye bado anamsubiri mtoto. Kijana akarudi, akagusa. Tukakaa kwenye benchi kusubiri treni nyingine, na hakuna aliyesema kitu. Tulishuka Shadwell, tukatembea polepole kwa ajili ya magoti, tukafika msikitini khatibu akiwa juu ya mimbari.

Sikumuuliza mjomba juu ya jambo lile, naye hakunieleza. Siku ya kuondoka alinisindikiza hadi kituoni, akanipa bahasha ya viatu vya watoto, na ndani yake, niliihesabu ndegeni, zilikuwamo pauni nyingi kuliko nauli zote nilizolipa.

Nimerudi kwenye daladala zetu na kondakta wake. Lakini nimegundua kwamba hata hapa kwetu vipo vituo visivyo na lango. Daftari la sadaka ninaloliandika peke yangu baada ya Ijumaa, saa ambayo wajumbe wenzangu wamekwisha kwenda kula, ni kimojawapo. Kila msomaji anavijua vya kwake. Anayejaaliwa kusafiri na ajifunze kanda, vikomo na saa za treni, maana kutojua kuna gharama. Na akifika penye nguzo fupi isiyomzuia mtu, asimame kidogo, atoe kadi moja.